Mama Mkubwa wa Duka la Mashine

Ukimpelekea Mama Mkubwa mashine mbovu, hakuuliza inaumwa nini. Aliuliza inakaa wapi.

Wateja wageni walishangaa. Mtu ametoka Mvumi na injini ya kusagia, imekufa tangu juzi na kijiji kizima kinangoja unga, halafu mama mfupi mwenye ovaroli ya bluu na khanga kiunoni anamuuliza kama chumba cha mashine kina dirisha, kama mbuzi hulala humo, kama mvua ikinyesha maji hupita mlangoni. Alipokwisha kujibiwa ndipo alipoinama, akagusa kile chuma kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa, akasema, "Basi haina kosa. Hata mimi ukinilaza na mbuzi nitakohoa."

Nilimbebea mizigo kwa miaka kumi na minne. Nilikuwa na kigari kidogo cha mizigo, kile ambacho watu huita kirikuu, na duka lake lilikuwa Dodoma mjini, kwenye mtaa wa wauza vyuma. Waliuza na kutengeneza mashine za kusaga, za kukoboa, za kukamua alizeti, na pampu za maji. Mbele palikuwa na kaunta, nyuma palikuwa na karakana. Kazi ile ilikuwa ya familia. Yeye alikuwa kichwa cha nyumba. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Kaunta ilishikwa na binti wa marehemu mdogo wao wa kike, msichana aliyetoka chuo kikuu na kurudi kusaidia. Kwa binti huyo wale wawili walikuwa mama mkubwa na mjomba kwa damu, na sisi wengine tukayachukua majina hayo kama yalivyo. Wazee wenye mvi waliingia dukani wakisema, "Shikamoo, Mama Mkubwa," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu," kisha akawageuzia wengine uso ili acheke vizuri.

Mimi ni Mnyamwezi na yeye alikuwa Mgogo, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujafahamiana. Siku ya kwanza nilipoegesha pale kutafuta mzigo, aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Tabora.

"Ah! Mpagazi!" akapiga makofi. "Babu zako walipita hapa na meno ya tembo kichwani, leo umekuja na gari. Kweli dunia imeendelea. Njoo ubebe."

"Na babu zako walikuwa wamekaa njiani wanaomba maji," nikamjibu.

"Tulikuwa tunayauza, siyo kuyaomba. Soma historia."

Nikabeba. Nilipewa mashine ya kukoboa mpunga niipeleke Kondoa, na tangu siku hiyo sikuegesha kwingine.

Alikuwa na misemo yake, na nadhani mingi aliitunga hapo hapo, kisha akaitaja kama ya wahenga. "Kelele si nguvu," alimwambia kila aliyetaka injini inayosikika hadi kijiji cha pili. "Mteja akisema ameelewa upesi, mweleze tena," alimwambia yule binti wa kaunta. Na mafundi wa karakana walikuwa na msemo wao mmoja, waliousikia mpaka wakauota: "Bolti iliyobaki mezani si zawadi." Maana yake, ukimaliza kufunga mashine ukaona bolti imebaki, usifurahi, usiitie mfukoni. Fungua, anza upya.

Kuuza hakukumpa furaha kama kukataa kuuza. Nakumbuka mzee mmoja, mstaafu wa serikali aliyekuwa amevaa suti ya kijivu, akataka mashine kubwa ya kusaga kuliko zote, akaifunge kijijini kwao huko Chemba. Alikwishaipapasa, alikwishaipenda. Mama Mkubwa akamkalisha kwenye kiti cha plastiki.

"Kijijini kwenu kuna mashine ngapi?"

"Tatu. Ila ni ndogo ndogo."

"Na hizo tatu zina foleni?"

Mzee akafikiri. "Foleni hakuna."

"Basi ya nne itasaga nini? Upepo?"

Binti wa kaunta akamvuta pembeni, lakini sauti yake ilisikika. "Mama Mkubwa, hii ni biznesi. Siyo ofisi ya ushauri nasaha."

Mzee akaondoka amekasirika, akisema hajawahi kufukuzwa dukani maishani mwake. Wiki mbili baadaye akarudi bila suti, amevaa shati la kawaida. Alikuwa amekwenda kijijini akakaa na akina mama, akawaona vidole vyao vilivyochanika kwa kumenya karanga. Akanunua mashine ya kubangua karanga, ile ndogo, ya kuzungusha kwa mkono. Kila aliposhuka mjini baada ya hapo alipita dukani na mfuko wa karanga, na hakumwamkia mtu mwingine kabla ya kumwamkia yeye.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mtu wa utulivu. Alihubiri subira kutwa nzima, lakini yeye mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe. Kila siku aliungua ulimi, kila siku aliilaumu chai. Aliwaambia wateja wasikimbize injini baridi, halafu alifungua mdomo kugombana kabla hujamaliza kusalimia. Mkono wake uliingia kwenye giaboksi yenye oili nyeusi bila kusita, ila mjusi mmoja aliyetoka kwenye kreti la beringi alimpandisha juu ya kaunta, akasimama hapo na viatu vyake, mbele ya wateja sita, akipiga kelele, "Mtoeni! Mtoeni! Siyo kumuua, mtoeni tu!" Alikaa huko juu mpaka mjusi alipovuka barabara. Kisha akateremka, akajitengeneza khanga, akamwuliza mteja wa kwanza, "Enhe, tulikuwa tunasema pampu yako inakaa wapi?"

Aliuza mashine za kusaga kwa nusu ya mkoa, lakini nyumbani kwake unga wa karanga wa kutia kwenye mlenda aliutwanga kwenye kinu. Nilipomcheka alisema, "Kwani mwenye duka la majeneza analala kwenye jeneza?"

Jumapili aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa lao. Alisugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga tangu Jumamosi, na bado weusi wa grisi ulibaki kwenye kucha. Mwalimu wa kwaya aliwahi kumshauri avae glavu nyeupe. Akamwambia Mungu anaifahamu oili, ndiye aliyeiweka ardhini.

Mara moja nilimpeleka Chemba, kwa kikundi cha akina mama Wasandawe waliokuwa wamenunua mashine ya kukamua alizeti. Alitaka kuwasalimia kwa lugha yao, ile yenye sauti za kudonoa ulimi. Fundi wetu mmoja alimfundisha salamu moja, naye akaifanyia mazoezi njia nzima ndani ya gari, akidonoa ulimi kama anayeita kuku. Tulipofika, akina mama wamesimama kwa mstari, akajinyoosha, akavuta pumzi, akaitoa ile salamu.

Bibi mmoja aliyekuwa mbele akakaa chini. Alicheka mpaka akalia, na wenzake wakamfuata. Hatukuambiwa alikuwa amesema nini. Yule bibi alimshika mkono, akamfundisha upya, neno kwa neno, na kila alipokosea kicheko kilianza tena. Saa nzima ilipita kabla mashine haijashushwa. Tuliporudi alikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. "Umesikia nilivyoongea nao?" aliniuliza.

Mimi mwenyewe nilimjua vizuri zaidi siku nilipomharibia mali. Nilikuwa napanda milima ya Kondoa na mashine mpya nyuma, nimeifunga kamba kivivu. Kwenye kona ikahama upande mmoja, kirikuu kikaegemea, kikalala ubavuni polepole kama ng'ombe aliyechoka. Nilitoka kupitia dirishani. Mashine ilikuwa imepasuka mguu na mdomo. Nikampigia simu.

"Umeumia?" Hilo ndilo neno la kwanza.

"Hapana, Mama Mkubwa, lakini mashine…"

"Nimekuuliza wewe. Kichwa? Mgongo? Tembea hatua kumi nikusikie."

Nikatembea hatua kumi barabarani, nikizihesabu kwa sauti kwenye simu, watu waliokuja kusaidia wakinitazama. Alipohakikisha kwamba niko mzima, ndipo alipoanza. Alinigombeza wiki nzima, asubuhi na mchana. Alinifanya nifunge na kufungua fundo moja mbele ya karakana yote mpaka vidole vikaota malengelenge. Mjomba aliiunga mashine mguu na mdomo, na aliyeinunua aliambiwa wazi kuwa ilianguka na aliyeiangusha akaonyeshwa. Ni mimi niliyesimama pale nikionyeshwa.

Sasa nisimulie habari ya ule ugomvi, maana bila huo nitakuwa nimemchora nusu.

Serikali ilipohamia Dodoma mji ulitanuka, majengo yakaota kila upande, na wafanyabiashara wakubwa wakaanza kuulizia mashine kubwa za viwandani. Mjomba alitaka duka lielekee huko. Mama Mkubwa akasema wateja wao ni vijiji, na kijiji hakihitaji mashine yenye ukubwa wa nyumba. Kila mmoja alikuwa na hoja. Wangeweza kumaliza kwa chai. Lakini siku moja, wateja wamejaa, Mjomba akasema, "Dada, mji unataka sufuria, wewe bado unauza vijiko."

Akamjibu, "Bila mimi ungekuwa bado unaziba pancha za baiskeli."

Mjomba alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kusema kidogo. Aliingia karakana, akachukua sanduku lake la spana, akatoka kwa mlango wa mbele. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amepanga chumba ng'ambo ya barabara, ameweka kibao chake, na rangi ya kibao ikawa bluu ile ile ya dada yake.

Hawakusemeshana tangu mvua za mwisho mpaka kiangazi kilipokolea. Mama Mkubwa, aliyewaambia watu wasiiache mashine ikilia hata siku moja bila kuifungua, jambo hilo aliliacha lilie miezi. Nilikuwa nawabebea wote wawili, basi nikawa daraja.

"Yule hajambo?" aliniuliza Mama Mkubwa, macho yake kwenye faili.

"Yule nani?"

"Yule wa ng'ambo. Nimeuliza tu. Naona amekonda."

Saa saba mchana alinipa bakuli lililofunikwa sahani. "Mpelekee. Ni mabaki." Mabaki gani yanatoka mvuke? Nilivuka nalo barabara, ugali wa uwele na mlenda, na Mjomba aliupokea bila kusema asante, akala mpaka mwisho. Lakini kwao, kama kwetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Siku ya kwanza alirudisha bakuli lenye beringi mbili alizokuwa amezisafisha na kuzipaka grisi. Siku ya pili, kisu cha jikoni alichokinoa. Siku nyingine ilikuwa bawaba mpya ya mlango wa karakana ya dada yake, mlango ambao yeye Mjomba alijua unalia. Mama Mkubwa alizipanga zawadi hizo kwenye rafu, mbele ya macho ya kila mtu, na aliyethubutu kuuliza alifukuzwa.

Nikagundua na jingine. Mteja mkubwa akija dukani, Mama Mkubwa alisema, "Hiyo hatuna, jaribu pale ng'ambo." Na mama wa kijijini akiingia kwa Mjomba, Mjomba alisema, "Hiyo iko kwa dada." Kila mmoja alidhani mwenzake hajui. Binti wa kaunta alinitazama akatikisa kichwa. "Hawa watu wawili," alisema, "ni ma-CEO wa kununa."

Kiangazi hicho pampu ya wakulima wa zabibu wa Hombolo ikafa. Ilikuwa inavuta maji kutoka bwawani kwenda mashambani, na mizabibu ilikuwa imebeba vichala vinavyoanza kujaa. Siku chache bila maji, na mavuno ya watu wengi yangesinyaa mtini. Wakulima kwa hofu waliwapigia simu wote wawili bila kuambiana.

Nilimpeleka Mama Mkubwa asubuhi. Tulipofika bwawani tuliona miguu mirefu imetokeza chini ya pampu. Mama Mkubwa akaitambua miguu ile. Akasimama upande wa pili, akaniita.

"Mwambie fundi wako kwamba nimekuja."

"Mwambie bosi wako kwamba nimemwona," ikajibu sauti kutoka chini.

Kila mmoja alikuwa hatua tatu kutoka kwa mwenzake. Wakulima walisimama wakigeuza shingo kama watu wanaotazama mpira.

"Mwulize ni nini."

"Mwambie ni shafti. Imepinda, na sehemu ya kukaa beringi imelika. Inatakiwa nyingine."

"Mwulize kwa nini haitengenezi."

Mjomba akatoka chini ya pampu, akajifuta mikono, akatazama maji ya bwawa. "Mwambie," alisema taratibu, "mashine ya kukereza vyuma haikuwa mali yangu. Niliiacha."

Nikageuka kumwambia, ingawa alikuwa amesikia. Mama Mkubwa alikuwa anachezea ncha ya khanga yake.

"Mwambie," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mashine haijahama. Iko pale pale alipoiacha. Na kufuli halijabadilishwa."

Mjomba aliipakia shafti kwenye gari langu na tukarudi mjini sisi wawili. Alifungua karakana kwa ufunguo ambao miezi yote alikuwa akiubeba mfukoni. Alikereza siku nzima. Mama Mkubwa alibaki Hombolo, na nilisikia baadaye kwamba alishinda na akina mama wakichota maji bwawani kwa ndoo, wakinywesha mizabibu michanga shina kwa shina, ovaroli imelowa mpaka kifuani, akiongoza nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili bila kuwa na mtu wa sauti ya kwanza.

Kesho yake mchana tulirudi na shafti mpya. Walifunga pamoja, bado kwa kupitia kwangu: mwambie ashike hapa, mwambie akaze. Nilikuwa nimechoka kuliko wao. Mjomba akafunga bolti ya mwisho, akasimama, akasema, "Mwambie tayari."

Mama Mkubwa akatazama chini, akaona kwenye gunia bolti moja imebaki. Akasahau kila kitu.

"We!" alimpigia kelele mdogo wake usoni. "Hii ya wapi?"

Mjomba akaitazama bolti. Akamtazama dada yake. "Dada," alisema, "hiyo ni ya zamani. Ilikuwa imevunjika. Nimeweka mpya."

Ndipo wote wawili walipogundua kuwa wanasemeshana. Mama Mkubwa alianza kucheka kwanza, kile kicheko chake cha kuinama, kisha Mjomba, ambaye sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti. Mkulima mmoja akawasha injini bila kuambiwa. Bomba likakohoa, likatema tope, likatema hewa, halafu maji yakaja, na watu wakayakimbilia mferejini na nguo zao.

"Nilisema neno baya," nilimsikia akimwambia ndani ya kelele ile.

"Na mimi nilisema la vijiko," alisema Mjomba.

Mjomba hakurudi dukani. Alibaki ng'ambo na mashine zake kubwa, na Mama Mkubwa akabaki na vijiji vyake, na wote wawili walikuwa sahihi. Ila saa saba mchana yule mrefu alivuka barabara kwa miguu yake, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akala na dada yake. Mimi nikaachishwa kazi ya kubeba bakuli.

Nilirudi Tabora miaka mitatu iliyopita kumwangalia mama yangu. Mwaka huu nilipopita Dodoma nikaambiwa Mama Mkubwa amemkabidhi binti wa kaunta funguo zote na amehamia Ihumwa, kwenye nyumba aliyoijenga polepole. Nikaenda kumwamkia. Nilimkuta amevaa dera la maua na kofia ya jua. Nywele zilikuwa nyeupe kabisa. Uani hapakuwa na mashine hata moja, palikuwa na gari dogo jeupe, kuukuu, lenye herufi L nyekundu mbele na nyuma.

"Nani anajifunza?" niliuliza.

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Ni mimi."

Tulikula, tukatukanana kama watani, akaniuliza habari za mama yangu mpaka za kuku wake. Wakati wa kuondoka ulipofika alinikataza kuita bodaboda. Alisema atanipeleka mwenyewe hadi barabara ya lami. Alisogeza kiti mbele mpaka kifua kikagusa usukani, akarekebisha vioo vyote vitatu, akaniambia nifunge mkanda. Mimi, niliyeendesha maisha yangu yote, nilishika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

Alikwenda mwendo wa harusi. Tulipofika kwenye makutano ya barabara na reli, treni ya mizigo ilikuwa inapita. Akasimama mbali, akazima injini, akawapungia mkono watu wa treni. Mmoja wao akampungia. "Umeona?" alisema. Behewa la mwisho lilipopita akawasha. Gari likaruka, likazima. Akawasha tena, likazima. Nyuma yetu palikuwa na lori, bodaboda kadhaa na gari la maji taka, na wote wakaanza kupiga honi.

"Mama Mkubwa," nilisema, "nikusaidie?"

"Kaa."

Honi zikazidi. Alitoa mkono dirishani, akawatuliza kwa kiganja kama anavyotulizwa mtoto.

"Waache wapige," alisema. "Nimelisubiri gari hili miaka sabini. Wao wamesubiri dakika mbili."

Akakanyaga klachi mpaka chini, akajaribu tena. Gari likawaka. Tukavuka reli kwa kurukaruka kama chura, na tulipofika ng'ambo alikuwa anacheka sana hata ikabidi asimame.